Shajara ya mradi: Viti Vitatu

Baada ya rasimu ya tatu

Rasimu ya tatu ya mswada wa filamu yangu imeishia ukurasa wa 112. Nimeisoma yote kwa kikao kimoja, kalamu mkononi, na hadithi yenyewe bado naipenda. Wanawake watatu walichanga fedha miaka 11 iliyopita wakanunua gari, wakalitumia kusafirishia watu mizigo midogo midogo. Biashara imekufa. Gari limepata mnunuzi katika mji ulio mwendo wa siku mbili, nao wameamua kulipeleka pamoja. Tabu, mkubwa wao, ndiye dereva. Rehema amekaa mbele, pembeni yake. Zuhura, mdogo wao, yuko nyuma na mifuko. Wakishalikabidhi watarudi kwa basi, na Tabu amekwisha kukata tiketi. Wenzake wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba amekata mbili.

Tatizo ni maneno. Wanasema mno. Kila mmoja ana ukurasa wake wa kumwambia mwenzake alivyomkosea, na mwenzake ana ukurasa wake wa kujibu. Katika kazi hii ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, kwa hiyo nina karibu dakika sabini za watu wanaopeana zamu ya kuongea ndani ya gari. Marafiki wa miaka mingi hawaongei hivyo. Wanakatizana, wanajibu jambo la juzi badala ya la leo, wanacheka kabla kichekesho hakijamalizika kwa sababu wanakijua. Nimewaandika kama watu waliokutana asubuhi hii na wana haja ya kuelezana wao ni akina nani.

Rasimu ya nne nitaianza kwa swali moja tu: ndani ya gari hili, nani anamwona nani?

Rasimu ya nne, wiki ya pili

Swali limezaa zaidi ya nilivyotarajia. Nilichora mraba, nikaweka vichwa vitatu, nikaanza kuvuta mistari ya macho.

Dereva hawezi kumtazama aliye pembeni yake zaidi ya sekunde moja, barabara inamdai. Aliye pembeni anaweza kumtazama dereva muda apendao, ila anauona ubavu wa uso peke yake. Aliye nyuma anaona visogo viwili. Akijisogeza kidogo katikati anakutana na macho ya dereva kwenye kioo cha juu, macho matupu bila mdomo, kwa hiyo hawezi kujua kama mwenye macho hayo anatabasamu. Hakuna chumba kingine ninachokijua kinachowapanga watu namna hii kwa saa nyingi na kuwazuia wasiondoke.

Na ndiyo maana garini watu husema yale wasiyoyasema mezani. Uso wa mwenzako haujakukabili. Unaliambia dirisha, unaiambia barabara, na jibu linakuja kutoka pembeni bila wewe kulazimika kuona lilivyomchoma aliyelitoa. Naamini hii ndiyo filamu yenyewe. Safari, fedha, mnunuzi, vyote vipo ili viwaweke hawa watatu kwenye viti hivyo.

Kwa hiyo nimeweka sheria, na nimeiandika juu ya ukurasa wa kwanza ili kila anayeusoma mswada aione: Tabu na Rehema watatazamana ana kwa ana mara moja tu katika filamu nzima. Kwa sasa nimeiweka mara hiyo pale Rehema anapofungua kisanduku cha dashibodi kutafuta hati za gari na kukuta tiketi mbili.

Usomaji wa kwanza na waigizaji

Hatukukaa mezani. Nilipanga viti viwili mbele na kimoja nyuma, vyote vikiutazama ukuta, nikawaomba wasome bila kugeuka. Walisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona aibu kwa jinsi sentensi nyingi zilivyokuwa hazina kazi. Mtu akishanyimwa uso wa kuusemea, maneno ya mapambo yanajidondokea yenyewe.

Katikati ya kurasa za hamsini, mwigizaji wa Zuhura alinyanyua mkono akasema, "Mimi hapa siwasikii."

Nilidhani analalamikia sauti za wenzake. Hapana. Alikuwa anaeleza ukweli wa kiti chake. Anayekaa nyuma, gari likiwa kwenye mwendo, anapata nusu ya kila sentensi. Anasogea mbele katikati ya viti viwili, anauliza "Nini?", anaambiwa "Hakuna kitu", anarudi kuegemea. Zuhura amekuwa mdogo wa kundi hili miaka 11, na miaka yote hiyo amekuwa akipewa nusu ya habari kwa nia njema. Hilo sikulibuni mimi. Limeletwa na mtu aliyekaa kwenye kiti kwa dakika arobaini.

Nilikwenda nyumbani nikakata kurasa 19. Siri nzima ya tiketi sasa inapita mbele ya Zuhura bila kumfikia, ama hivyo ndivyo wakubwa wake wanavyodhani.

Filamu nilizozirudia

Nimejipa siku nne za kutazama kazi za wengine kwa jicho la fundi.

Abbas Kiarostami ndiye aliyenikalisha muda mrefu. "Ten" ya mwaka 2002 ni mazungumzo kumi ndani ya gari linaloendeshwa na mwanamke mjini Tehran, yaliyopigwa kwa kamera ndogo za kidijitali zilizofungwa juu ya dashibodi, moja ikimwelekea dereva na nyingine abiria. Mazungumzo ya kwanza ni kati yake na mwanawe, na kwa dakika nyingi tunamwona mtoto peke yake. Mama tunamsikia tu. Tukija kupewa uso wake tumekwisha kumjua kwa sauti, na uso unaingia kama habari mpya. Somo hilo nimelichukua jinsi lilivyo: Tabu hataonekana uso mzima hadi gari liwe limeshaondoka.

La pili kutoka kwake nimelikataa baada ya kulifikiria sana. Katika "Taste of Cherry" ya 1997, Kiarostami alikaa mwenyewe kwenye kiti cha pili: akimpiga dereva, yeye ndiye abiria; akimpiga abiria, yeye ndiye dereva. Watu tunaowaona wakizungumza hawakuwa pamoja garini. Kwa mtu aliye mpweke anayeokota wageni njiani, njia hiyo inafaa kabisa, maana upweke umo ndani ya namna ya kupiga. Filamu yangu inahitaji kinyume chake. Nataka mabega yagusane kwenye kona. Nataka mmoja akishusha pumzi, mwenzake aisikie. Waigizaji wote watatu watakuwa garini kila teki, yaani kila mara kamera inapopiga, hata ambaye fremu haimwoni.

"Thelma & Louise" ya 1991, ambayo mswada wake ulimpa Callie Khouri tuzo ya Oscar, niliitazama kwa ajili ya gari. Ni Ford Thunderbird ya 1966 isiyo na paa. Kuondoa paa kunatatua mambo mengi kwa pigo moja: mwanga unafika usoni, kamera inaweza kuwa mahali popote, na upepo unaigiza pamoja na wanawake. Nilitamani. Lakini gari lisilo na paa ni gari la watu wanaofunguka, na wa kwangu wanafunga. Nahitaji paa, vioo na joto.

Ya mwisho ni "Boys on the Side" ya Herbert Ross, 1995. Wanawake watatu wanatoka New York kuelekea magharibi, kisha safari inakatika Tucson, Arizona, kwa sababu mmoja wao anaumwa, na sehemu kubwa iliyobaki wanaishi hapo. Niliwahi kusikia watu wakiilaumu kwamba barabara inaisha mapema. Mimi nimeona ujasiri. Wanaposimama ndipo unapojua kama kilichowaunganisha kilikuwa mwendo peke yake.

Rasimu ya tano

Mtayarishaji ameuliza hatari iko wapi. Alipendekeza mwanamume wa kuwafuata, au ajali ukurasa wa 60. Ni mtu ninayemheshimu na swali lake ni la haki, kwa sababu mtazamaji anahitaji kitu cha kuogopa. Nilimpa kurasa za kisanduku cha dashibodi azisome upya akijua kwamba Rehema hatasema neno kwa dakika 14 zinazofuata. Amesoma. Amekubali. Gari halitapinduka.

Mtu mwingine alitaka kujua kama tunapita kile kipimo kilichotokana na katuni ya Alison Bechdel ya 1985: wanawake wawili angalau, wazungumze wao kwa wao, wazungumzie kitu kisicho mwanamume. Tunakipita kabla ukurasa wa kwanza haujaisha. Kazi ngumu inaanza baada ya hapo, na hakuna kipimo kitakachonisaidia nayo.

Mswada una kurasa 88. Naufunga.

Majaribio ya gari

Siku mbili na mpiga picha, gari na vioo. Vioo ndivyo adui.

Ukilipiga gari kwa mbele mchana, kioo cha mbele kinarudisha anga lote na wanawake wako wanapotea ndani ya mawingu. Tulifunga kwenye lenzi filta ya polaraizi, ile inayopunguza mng'ao wa vioo. Filta hiyo hufanya kazi vizuri zaidi mwanga uliorudi kwenye kioo ukiwa na mlalo fulani, kama nyuzi 56 ukipima kutoka mstari uliosimama wima juu ya kioo, kwa hiyo inchi chache za kushusha kamera zilibadilisha kila kitu: ukungu ulitoka na nyuso mbili zikajitokeza kama zimeoshwa. Kwa yaliyobaki tulitandaza kitambaa cheusi kwenye fremu juu ya boneti ili kioo kiwe na weusi wa kuakisi badala ya anga.

Kwenye madirisha ya pembeni filta ileile ilitusaliti. Vioo vya pembeni huwa vimepikwa kwa joto ili vikivunjika visikate, na ile nguvu iliyofungiwa ndani yake huonekana kwenye polaraizi kama madoa ya rangi. Zuhura alionekana kama amekaa nyuma ya ngozi ya chui. Pembeni tutapiga bila filta na kukubali miti ipite juu ya uso wake. Nilipoiona kwenye skrini nilifurahi. Yule asiyesikia vizuri sasa pia haonekani vizuri.

Gari litapanda juu ya tela kwa sini (onyesho) nyingi, ili mwigizaji asiwe na kazi mbili. Tumechagua tela la chini kabisa. La kawaida linaliinua gari hadi abiria anayatazama magari mengine kutoka juu kama yuko kwenye lori, na mtazamaji huligundua hilo hata kama hawezi kulitaja. Kiegemeo cha kichwa cha kiti cha dereva kimeondolewa. Kioo cha juu tutakitoa na kukirudisha kulingana na sini. Msimamizi wa mwendelezo, anayehakikisha vitu havipingani kati ya shoti moja na nyingine, ameshakitengenezea kioo hicho ukurasa wake peke yake.

Ratiba

Siku 21 za kupiga, 11 ndani ya gari. Niliomba sini za garini zipigwe kwa mpangilio wa hadithi, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Msaidizi wangu wa kwanza alinionyesha gharama yake kwa utulivu mkubwa: mwanga utatukimbia, tela litakaa bure siku tatu. Tumekubaliana. Nje ya gari apange atakavyo. Ndani ya gari mfuatano ni mtakatifu. Uchovu wa siku ya kumi hauigizwi.

Siku ya 3

Sauti imetuangusha nusu siku. Feni ya gari lazima izimwe kwa sababu mlio wake unalala juu ya kila neno, na madirisha lazima yafungwe kwa sababu ya upepo. Maiki mbili zilifichwa kwenye vivuli vya jua juu ya kioo cha mbele, mahali pazuri mno, hadi mwigizaji wa Rehema alipoupata ukweli wa sini akashusha kivuli chake dhidi ya jua. Kishindo kama ngoma. Na teki ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Fundi sauti hakupandisha sauti yake hata kidogo. Alilisimamisha gari, akazima kila kitu, akawaomba wote watatu wakae walivyokuwa wamekaa, kisha wayaseme maneno yaleyale kwa kasi ileile, kamera ikiwa imezimwa. Baadaye akarekodi sekunde sitini za ukimya wa ndani ya gari. Ukimya wa gari lenye watu watatu una uzito wake. Haufanani na wa gari tupu, na utatufaa wakati wa kuunganisha.

Jasho ni la kweli. Nimeomba lisifutwe.

Siku ya 6

Sini ya 41. Kisanduku.

Tulifanya teki saba. Kwa mujibu wa mswada Rehema anafungua, anakuta bahasha, anahesabu tiketi, anageuka kumtazama Tabu, na Tabu anageuka kumtazama yeye. Ndipo nilipokuwa nimeweka ule mtazamo mmoja wa filamu nzima. Teki nne za kwanza zilikuwa sahihi na hazikuwa na uhai. Nilikuwa kwenye gari la mbele na skrini ndogo magotini, nikiona watu wawili wanaofanya nilichowaandikia.

Tuliposimama, nilimwuliza mwigizaji wa Rehema anafikiri nini anapoziona tiketi. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Nafikiri kwamba nikigeuka, itakuwa kweli."

Niliondoa kugeuka. Teki ya sita anafungua, anahesabu kwa kidole gumba, moja, mbili, anapitisha kidole tena kutafuta ya tatu. Anairudisha bahasha ilivyokuwa. Anafunga kisanduku taratibu ili kisitoe sauti, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto. Anatazama mbele. Na Tabu, ambaye ameona yote kwa pembe ya jicho, anashika usukani kwa mikono miwili. Hadi hapo alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja tangu filamu ianze. Sikumwambia afanye hivyo.

Nyuma yao Zuhura anauliza, "Hati zimo?"

"Zimo," Rehema anajibu.

Sasa nina mtazamo mmoja usio na mahali pa kukaa. Nimeshindwa kulala vizuri, na kwa furaha.

Siku ya 7 na ya 8

Barabara, madaraja, gari likipita. Yote kutoka kushoto kwenda kulia. Safari nzima ya kwenda itakuwa kushoto kwenda kulia, na basi la kurudi litakwenda kulia kwenda kushoto. Agnès Varda, katika "Sans toit ni loi" ya 1985, aliisogeza kamera yake na mwanamke anayetembea kutoka kulia kwenda kushoto, kinyume cha jicho la msomaji, na mwili unausikia ule ukinzani kabla akili haijauliza. Nimeuhifadhi kwa ajili ya dakika za mwisho.

Siku ya 9, usiku

Sini ya 52. Rehema, baada ya ukimya wake mrefu, anasema, "Simama hapo mbele. Nipishe niendeshe." Tabu anasimamisha gari kando ya barabara. Zuhura amelala. Wawili wanashuka, wanapishana mbele ya boneti kwenye mwanga wa taa za gari, wanapanda tena, kila mmoja kwenye kiti cha mwenzake. Robo tatu ya ukurasa. Nilikuwa nimeiandika kama sini ya kupita tu.

Kamera ilikaa kwenye kiti cha nyuma ikitazama nje kupitia kioo cha mbele. Mpiga picha alikuwa na tatizo moja la kweli: taa za gari zinamulika magoti, nyuso zinabaki gizani. Alilaza ubao mweupe chini mbele ya bampa, mahali ambapo boneti inauficha, na mwanga ukaruka kutoka ubaoni kwenda juu. Nyuso zikawaka kutokea chini, laini, kama za watu waliokaa karibu na moto.

Teki ya pili. Wanazunguka gari, kila mmoja kwa upande wake. Kazi yao ilikuwa kupishana. Walipofikiana, mwigizaji wa Tabu akasimama. Hakuna aliyempa maelekezo hayo. Rehema naye ikabidi asimame, kwa kuwa nafasi ni finyu. Wakatazamana. Sauti haikuwepo, maana wako nje na sisi tuko ndani ya gari na tunasikia pumzi za Zuhura tu. Nilihesabu moyoni hadi nne. Kisha Rehema akashusha macho na kupita, na bega lake likagusa la mwenzake.

Kumbe mtazamo ule haukuwa wa garini. Siku zote nimekuwa nikitafuta mahali pake kwenye viti. Ungeweza kutokea tu pale walipotoka kwenye viti, kwenye hatua mbili tatu za katikati ambapo hakuna dereva wala abiria.

Sikusema "kata" kwa wakati. Niliisema nilipokumbuka.

Siku ya 10, usiku

Sini zinazofuata, Rehema akiendesha, tumezipiga gari likiwa limesimama. Ni njia ya siku nyingi ya wasio na fedha nyingi: giza nje, taa zinapitishwa kwa mkono juu ya vioo kwa vipindi vya kubahatisha, na mtu mmoja anabonyeza ubao chini ya bampa ili gari litikisike kidogo sana. Ukizidisha, inakuwa mashua. Mtu wetu wa ubao ana mkono wa ajabu.

Tabu sasa yuko kwenye kiti cha pembeni, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye mwenye ruhusa ya kumtazama mwenzake muda atakao. Rehema yuko kwenye usukani na hana ruhusa ya kurudisha. Kurasa mbili hazina neno.

Siku ya 21

Makabidhiano ya ufunguo, kituo cha basi, ndani ya basi. Tumemaliza. Mwigizaji wa Zuhura ameniomba ule mto mdogo wa kiti cha nyuma, nami nimempa.

Uhariri, wiki ya tatu

Mkusanyiko wa kwanza una urefu wa saa 2 na dakika 31. Hautazamiki kwa mtu wa nje, na nauthamini. Mhariri na mimi tumegawanyika juu ya jambo moja kubwa: anayeongea au anayesikiliza? Silika yangu ilikuwa kukaa na anayeongea. Yeye alinionyesha sini ya 18, Tabu akisimulia jinsi walivyolinunua gari, kamera ikibaki kwa Rehema muda wote. Simulizi ni ndefu, sote tunaifahamu, lakini uso wa mtu anayeisikia kwa mara ya mia na bado akatabasamu mahali palepale ndio unaotuambia hawa wamekuwa pamoja muda gani. Sasa tunarudi mwanzo na kuuliza kila mkato: nani anasikia?

Ule mtazamo wa usiku. Sekunde nne, kwa fremu 24 kila sekunde, ni fremu 96. Tumejaribu 48, ikawa kama wamegongana kwa bahati mbaya. Tumejaribu zote 96, na mtu anaanza kusubiri maneno. Kwa sasa uko fremu 77, na kila asubuhi mmoja wetu anaongeza au kupunguza mbili.

Uhariri, wiki ya tano

Leo mhariri ameniita kabla sijavua koti.

Kwa sini ya 52 tulipiga pia uso wa Zuhura akiwa amelala, kwa tahadhari, endapo tungehitaji kitu cha kukatia. Mwishoni mwa teki ya tatu, mwigizaji alidhani tumekwisha. Alifungua macho. Hakujinyoosha wala kutafuta watu wa kamera. Alibaki ametulia akitazama mbele, kupitia katikati ya viti viwili, kule ambako wenzake walikuwa bado wamesimama kwenye mwanga. Sekunde tano hivi. Kisha akayafumba tena, kwa kuwa hakuwa amesikia "kata".

Mhariri ameuweka baada ya fremu ile ya 77. Zuhura yuko macho. Ameona.

Nimekaa na jambo hili siku nzima. Katika mswada Zuhura ndiye asiyejua hadi mwisho, na kituoni anauliza, "Dada Tabu yuko wapi?" Ilikuwa sentensi niliyoipenda, ya mwisho kabisa katika filamu. Lakini kama ameona, hana haja ya kuuliza. Miaka 11 wamempa nusu ya kila sentensi, naye amejifunza kuikamilisha mwenyewe, na kukaa kimya ili wao wasijue kwamba anajua. Huo ni upendo mzito kuliko nilioutia kwenye mswada wowote kati ya mitano.

Nimeikata ile sentensi. Mkono ulinitetemeka kidogo.

Uhariri, wiki ya tisa

Saa 1 na dakika 34. Nilimwalika mwanamke mmoja asiye wa kazi hii aje kuitazama na rafiki yake wa tangu ujana. Sikuwauliza maswali. Wakati wa dakika 14 za ukimya wa Rehema, mmoja wao aliuweka mkono wake juu ya mkoba wa mwenzake na kuuacha hapo. Nimeandika tu nilichokiona.

Sini ya basi imebaki na shoti moja. Basi linakwenda kulia kwenda kushoto. Rehema amekaa dirishani, Zuhura pembeni yake. Wiki iliyopita nilidhani shoti hii ni ndefu mno, na leo nimegundua kwa nini sitaki kuikata: ni mara ya kwanza katika filamu nzima Zuhura amekaa sambamba na mtu. Hajui aweke wapi macho. Anatazama kisogo cha kiti cha mbele, kisha njia, kisha mikono yake. Rehema anaanza kusema jambo, kelele za injini zinalimeza, na Zuhura haulizi "Nini?"

Kesho tunampelekea fundi sauti. Nimemwomba kelele za injini zisipungue.